Kiti cha Magurudumu Porini: Mwongozo wa Kuandaa Safari ya Siku Moja Kutoka Nairobi

Maswali ni yale yale. Mteja anayetumia kiti cha magurudumu amepiga simu, anataka kwenda Hell's Gate na wenzake Jumamosi. Je, si tumbebe tu? Landikruza yetu itafaa? Lazima tuagize kiti maalumu kutoka ng'ambo? Majibu ya haraka: msimbebe, pengine itafaa, na si lazima. Majibu kamili yako hapa chini, kwa ajili ya kampuni ndogo za ziara, madereva waongozaji na vikundi vya kupanda milima ambavyo havijawahi kuandaa safari ya namna hii.

Lishike moja kabla ya mengine yote: safari hizi huharibikia mlangoni mwa gari, chooni, na kwenye geti ambalo hakuna aliyepima upana wake. Mlima wenyewe mara nyingi hauna neno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kupima, na futi kamba ni ya bei nafuu kuliko kurudisha nauli za watu.

Uanzie wapi

Usianze na milima ya Ngong. Mandhari ni mazuri, lakini vilele vyake hupanda na kushuka kwa ukali, na mgeni wako atatumia siku nzima akivutwa kwa kamba.

Anza na msitu wa Karura. Njia zake nyingi ni pana, za murram iliyoshikana, na mambo yakikwama mko ndani ya jiji. Usiahidi maporomoko ya maji. Kuyafikia kuna ngazi. Kama mgeni anataka kwanza kukijaribu kiti chake mahali tulivu, Nairobi Safari Walk, kando ya lango kuu la Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenye barabara ya Lang'ata, ina njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi.

Safari ya pili iwe Hell's Gate, yapata kilomita 90 kutoka jijini. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambako mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya wanyama, na kipande cha kutoka lango la Elsa hadi mnara wa Fischer kinapita mahali pa tambarare. Korongo la Ol Njorowa liondoe kwenye ratiba. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo, na mtu asiyeweza kupanda ukuta wa jiwe kwa haraka hana pa kukimbilia.

Epuka Machi hadi Mei, na uwe mwangalifu Oktoba hadi Desemba. Udongo mweusi wa nyanda za Athi ukilowa hunata kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Udongo mwekundu wa Karura haugandi hivyo, lakini unateleza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Futi kamba ya mita 5, pima maji ndogo ya fundi, na fito iliyonyooka ya mita 1 kamili.
- Ubao wa kuhamia, wa kutelezea kutoka kitini kwenda kwenye gari: plaiwudi ya milimita 18, urefu sentimita 70 hadi 75, upana 20 hadi 25. Pembe ziviringwe, upigwe msasa hadi ulainike, kisha vanishi. Kibanzi kimoja kwenye paja lisilo na hisia ni kidonda cha wiki kadhaa.
- Kitambaa cha kuinulia cha turubai nene chenye mishikio sita. Mshona mahema yeyote anaweza kukishona. Mwambie mishikio izunguke chini ya kitambaa kizima, isishonwe ukingoni pekee.
- Kamba mbili za milimita 10, mita 8 kila moja, na mikanda bapa miwili ya kuvutia.
- Rampu ya kubebeka (vipimo viko hatua ya 2).
- Kiti cha choo cha kubebeka na hema dogo la faragha.
- Tyubu mbili za akiba za saizi ya kiti cha mgeni, viraka, pampu, funguo za alen za milimita 4, 5 na 6, spana ya kurekebishika na vifungo vya plastiki vya kukaza (zip tie).
- Glavu za ngozi kwa mgeni na kwa kila msaidizi.
- Chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kinyozi.

Kiti maalumu cha porini ni kizuri ukikipata. Joëlette, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1987, ina gurudumu moja tu katikati na huendeshwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Hupita njia nyembamba ambayo kiti cha kawaida hakiwezi. Lakini kwa Karura na kwa barabara za Hell's Gate huihitaji. Kinachosaidia zaidi kwa pesa kidogo ni gurudumu la tatu la kufungwa mbele ya kiti cha kawaida, likainua vile vigurudumu vidogo juu ya ardhi. Vigurudumu hivyo ndivyo adui mkubwa: huzama kwenye murram laini, kiti kinasimama ghafla, na mtu anarushwa mbele.

Hatua

1. Mpigie msafiri mwenyewe. Usimpigie mama yake wala rafiki aliyelipia. Muulize uzito wake, upana wa kiti kutoka ukingo hadi ukingo wa magurudumu makubwa (vingi vya mkono ni kati ya sentimita 60 na 70), uzito wa kiti, kama kinakunjwa, kama ni cha mkono au cha betri. Muulize anahamaje kutoka kitini kwenda kwenye gari: peke yake, kwa ubao, au kwa kuinuliwa. Anaweza kukaa wima bila kuegemea? Ana sehemu ya mwili isiyo na hisia? Anatumia katheta (mrija wa kutoa mkojo), na kila baada ya saa ngapi?

Usiulize aliumiaje. Habari hiyo hutaitumia popote. Swali moja la kitabibu ni la lazima: kama uti wa mgongo uliumia, je, ni kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu? Mtu wa namna hiyo anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla, na mara nyingi mwili wake hautoi jasho la kutosha kujipoza. Yeye mwenyewe huwa analijua jambo hili kuliko daktari wa zamu. Mwombe akueleze dalili zake na uziandike.

Na siku ya safari, zungumza naye, si na anayemsukuma. Neno "pole" lina mahali pake, si salamu.

2. Kagua njia ukiwa na kiti chenye mzigo. Kutembea njia kwa miguu na kusema "iko sawa" hakutoshi. Azima kiti, kifunge mfuko wa saruji wa kilo 50 na mtungi wa maji wa lita 20, uwe na kilo 70, kisha kisukume njia nzima kwenda na kurudi. Utajua mengi ndani ya dakika kumi.

Pima mwinuko hivi: laza fito ya mita 1 kuelekea chini ya mteremko, weka pima maji juu yake, inua ncha ya chini mpaka povu likae katikati, kisha pima nafasi kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita 8 ni mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda 1 kwa kila 12 za kwenda mbele. Mtu mwenye mikono yenye nguvu huupanda mwenyewe kwa umbali mfupi. Sentimita 12 na nusu ni 1 kwa 8. Hapo anahitaji msukumaji. Kupita hapo, panga kamba na watu.

Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kupima mwinuko wa mbele na kusahau wa ubavuni. Geuza fito ikate njia. Ikizidi sentimita 2 kwa mita, kiti huanza kuvuta upande wa chini. Ikifika 5, mkono mmoja unafanya kazi yote na bega linachoka kabla ya saa moja kuisha. Njia za murram huinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni, kwa hiyo suluhisho la kawaida ni rahisi: pita katikati, weka mtu mbele wa kuangalia baiskeli na magari.

Pima kila geti. Unataka sentimita 90 wazi. 80 inapitika kwa shida. Mlango wa kuzunguka na nguzo za kuzuia pikipiki ni vizuizi kamili, kwa hiyo ongea mapema na askari wa zamu akufungulie geti la magari. Hiyo siyo fadhila: Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiwango kinachofaa. Hata hivyo, ombi la Alhamisi hufanya kazi vizuri kuliko mabishano ya Jumamosi asubuhi.

Kidato kimoja cha sentimita 15 kinahitaji rampu ya mita 1.8 kwa mteremko wa 1 kwa 12, au mita 1.2 kwa 1 kwa 8 msaidizi akiwepo. Fundi wa jua kali atapendekeza bati nene lenye vinundu. Bati la milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 24 kwa mita mraba; rampu ya mita 1.8 kwa sentimita 90 itapita kilo 38 kabla hajachomea miguu. Plaiwudi ya milimita 18 yenye fremu nyepesi ni kama nusu yake. Ipake rangi iliyochanganywa na mchanga isiteleze, na iwekee kingo za sentimita 5 kila upande. Usitengeneze rampu ya mifereji miwili: vigurudumu vya mbele haviko kwenye mstari mmoja na vya nyuma, na kiti chenye gurudumu la tatu hakipandi kabisa.

3. Amua habari ya gari. Sakafu ya landikruza ya safari iko juu sana kwa rampu. Chukua sentimita 75: kwa 1 kwa 12 ni rampu ya mita 9. Sahau. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kuhama. Kiti cha magurudumu kikiwa na mto wake kina urefu wa karibu sentimita 50, na ubao wa kuhamia hufanya kazi vizuri tofauti ya kimo ikiwa chini ya sentimita 10. Kwa hiyo gari la chini kama Noah ndilo rafiki yako, na kiti cha mbele ndicho bora kwa kuwa mlango wake hufunguka wazi. Ikibidi landikruza, tengeneza sanduku imara la kukalia la kimo cha kati, ili anayejiinua kwa mikono apande kwa awamu mbili. Asiyeweza kujiinua, tumia kitambaa cha turubai, watu wanne, na hesabu moja inayotolewa na mtu mmoja.

Ya pili ni kusafiri akiwa kwenye kiti chake, kwenye gari lenye sakafu ya chini au lifti. Hapo hakuna njia ya mkato. Kiti kitazame mbele, kamwe kisitazame ubavuni. Mikanda minne ya kukazia ifungwe kwenye fremu, miwili mbele na miwili nyuma. Na mtu mwenyewe afungwe mkanda wake wa pointi tatu, wa nyonga na wa bega, tofauti na ile ya kiti. Mpira wa kufungia mizigo ya bodaboda si mkanda. Kamba ya manila pia.

Popote atakapokaa, mto wake aende nao. Kiti cha gari kwenye barabara mbovu kinaumiza ngozi isiyo na hisia bila yeye kujua.

4. Tatua choo kabla ya kutangaza bei. Hapa ndipo waandaji wengi hukaa kimya, na mgeni naye kwa kuona haya haulizi. Matokeo yake hanywi maji tangu asubuhi ili asihitaji choo. Kwenye jua la Bonde la Ufa hilo ni hatari, na kwa mtumiaji wa katheta ni mwaliko wa maambukizi ya njia ya mkojo.

Usiamini kibao chenye picha ya kiti mlangoni. Nenda upime: mlango sentimita 80 au zaidi, nafasi ya kugeukia yenye kipenyo cha sentimita 150, nafasi tupu ubavuni mwa bakuli ya kuegesha kiti, na pau ya kushikilia inayohimili uzito wako ukiining'inia. Ndani kusiwe na ndoo na mifagio. Vyoo hivi hugeuzwa stoo upesi sana. Kama hakuna, beba chako: kiti cha chuma chenye tundu, kimo cha sentimita 48 hadi 50, chenye mikono miwili, miguu iwe na vikombe vipana visizame. Hema liwe angalau mita 1.5 kwa 1.5. Maji na sabuni vikae ndani.

Kisha mwambie mgeni, kwa sauti ya kawaida, choo kiko wapi na saa ngapi mtasimama.

5. Kagua kiti pamoja na mwenyewe. Upepo kwanza: kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Watu hupenda kupunguza upepo ili tairi lishike mchanga, wakasahau kwamba breki ya kuegeshea hufanya kazi kwa kubana tairi lenyewe. Tairi likilegea, breki nayo imelegea. Ukipunguza upepo, rekebisha breki hapo hapo.

Chomoa magurudumu makubwa, futa mhimili, rudisha, kisha vuta kwa nguvu kuhakikisha pini imejifunga. Vumbi huizuia. Ondoa nywele na nyasi kwenye vigurudumu vya mbele. Miiba ya migunga haina huruma, kwa hiyo kagua tyubu za akiba kwa macho yako: kiti cha kawaida cha inchi 24 hutumia tairi lililoandikwa 540, na duka la baiskeli litakupa la baiskeli ya mlima ya inchi 24, lililoandikwa 507. Yote ni "ishirini na nne". Tairi lake halitaingia.

Kiti cha betri ni habari nyingine. Kinaweza kupita kilo 100 bila mtu, kwa hiyo kisiinuliwe kwa mikono. Kina wenzo wa kuachia mota ili kisukumwe. Ukiachiwa, breki zote zimetoka. Kabla ya mteremko wowote, urudishe.

6. Wafundishe wasaidizi siku moja kabla, wakipokezana kukaa kitini. Watu wanne kwa kiti kimoja cha mkono njia ikiwa mbovu: mmoja nyuma, wawili kamba, mmoja anapumzika na kuangalia njia. Mambo ya kukariri:

- Shika fremu isiyochomoka. Mikono ya kiti, sehemu za kukanyagia na magurudumu huchomoka mikononi mwako na mtu anaanguka.
- Usimvute mtu kwa mikono wala kwa kiuno cha suruali.
- Murram laini au mtaro mdogo: egemeza kiti nyuma kisimame kwa magurudumu makubwa, au geuka upite kinyumenyume.
- Kushuka mteremko mkali: kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini, kamba imefungwa pande zote mbili za fremu ya mbele ikishikiliwa na wawili walio juu.
- Usimsukume bila kumwambia, hata kama unasaidia.

7. Siku yenyewe, nenda polepole. Tenga mara mbili ya muda unaoutumia na kundi la kawaida. Kila dakika 30 simama kwa dakika mbili ili aegemee mbele na pembeni, damu ipite makalioni. Kiti kisiachwe juani wakati wa chakula; chuma na mto mweusi vinachoma ngozi isiyohisi. Na usimwekee sufuria au chupa ya chai mapajani akubebee. Mtu hupata malengelenge hivyo bila kugundua mpaka jioni.

Kamba na maji

Wakishazoea, wageni huulizia kamba za kuteleza angani kule Kereita na mitumbwi ya mpira kule Sagana. Zote zinawezekana, na waendeshaji wa huko ndio wenye neno la mwisho. Kwenye kamba, dai mkanda wa mwili mzima wenye sehemu ya kifua kwa asiyejimudu kiwiliwili, pedi mapajani, na miguu ifungwe pamoja kwa ulaini isigonge jukwaa la kutua. Kwenye mto, jaribu boya la kifua kwanza kwenye maji tuli: miguu iliyopooza huelea tofauti na inaweza kumgeuza mtu kifudifudi. Akae chini katikati ya mtumbwi, ameegemezwa kwa sifongo. Kamwe asifungwe kwenye mtumbwi.

Mambo yakienda mrama

*Kiti kinavuta upande mmoja.* Kiweke mahali tambarare. Kikinyooka, ni mteremko wa ubavuni. Kisiponyooka, tairi moja lina upepo kidogo au kigurudumu cha mbele kimenasa nyasi.

*Breki haishiki.* Angalia upepo wa tairi kabla ya kugusa skrubu.

*Pancha na tyubu haifai.* Jaza tairi majani makavu, ukishindilia sawasawa, lifunge kwa vifungo vya plastiki, mrudi polepole. Kiti kitatikisika, breki ya upande huo usiitegemee, na msaidizi asiachie mpini.

*Mvua imeanza.* Msisubiri ikatike. Rudini mkiwa bado kwenye ardhi ngumu; kwenye udongo mweusi mna dakika chache tu.

*Uso umewaka, hana jasho, anaongea ovyo.* Ni joto. Kivuli, mnyunyizie maji usoni, shingoni na mikononi, mpepee, mpe maji anywe akiwa na fahamu timamu. Asipotulia haraka, hospitali.

*Kichwa kinamgonga ghafla, uso mwekundu na jasho juu ya pale alipoumia, chini ngozi imepauka.* Hili ndilo lile shinikizo la damu, na linaweza kuua. Mkalishe wima, usimlaze. Legeza mkanda, viatu na nguo zote zinazobana. Kagua katheta: mrija uliojikunja au mfuko uliojaa ndio sababu ya kawaida, mara nyingi ukiunyoosha dalili hushuka. Kama hatumii mrija wa kudumu, asaidiwe kutoa mkojo. Piga 999 au 112 wakati mmoja na hayo, na umkabidhi mhudumu ile karatasi ya dalili uliyoiandika hatua ya kwanza, kwa sababu si kila zahanati imewahi kuliona tatizo hili.

*Doa jekundu kwenye ngozi jioni.* Asilikalie. Likidumu zaidi ya nusu saa bila kufifia, arudi jijini amelala ubavu kwenye kiti kirefu cha nyuma, mikanda ikiwa imefungwa, na amwone muuguzi kesho yake.